Bwana Kamaludin bin Jeilani, Aliyeiombea Nyota Yake Mashahidi

Wasifu huu umesomwa na nduguye, Abdulqadir bin Jeilani, siku ya hitima, dakani (baraza ya mlangoni) kwa marehemu, mtaa wa Mkomani, Amu (Lamu), tarehe 27 Rajabu 1335.

Sifa njema ni za Mola aliyeziinua mbingu, na rehema zimfikie Mtume wetu. Watu wa nyumba hii wameniomba niseme habari za ndugu yangu, Bwana Kamaludin, aliyetutoka Jumatano. Nitafuata mpango unaojulikana, kuanzia kuzaliwa mpaka mauti. Lakini lipo jambo moja ambalo wengi wenu mliokaa hapa mnalijua upande mmoja tu, na hilo nitalisema lote. Anayengoja kahawa avumilie kidogo. Nakala za wasifu huu zitapelekwa Siyu na Mombasa, kwa hiyo mtanisamehe nikieleza mambo ambayo mtu wa Amu hahitaji kuelezwa.

Marehemu alizaliwa katika nyumba hii hii, mwezi wa Mfunguo Tatu, mwaka 1282, ambao Wazungu huuhesabu 1866. Tulizaliwa watatu: yeye, dada yetu Umulkheir, na mimi kitinda mimba. Baba yetu aliuza boriti na kamba za nazi. Mama alikuwa akisema kwamba Kamaludin alichelewa kusema, na alipoanza hakutaka kusema jambo ambalo hakuliona. Akiulizwa kama baba yake amerudi, alishuka kwanza kutazama viatu mlangoni, kisha akapanda kutoa jibu.

Alisoma chuoni hapa mtaani, akahitimu Kurani akiwa na miaka kumi na mmoja, kisha akasoma fikihi na elimu ya falaki msikitini. Nyakati za sala alizijua kwa kivuli na kwa nyota. Wazee mtakumbuka mwandamo wa Idi wa mwaka ule alipokuwa barobaro. Vijana wote walisimama ufukweni wakapiga kelele kwamba mwezi umeonekana. Kadhi akawauliza mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Kamaludin, kijana aliyesifiwa mji mzima kwa ukali wa macho, alisema yeye hakuuona. Ushahidi wa wenzake ukalegea, na mji ukafunga siku moja zaidi, na samli ya maandazi ikangoja. Tangu siku hiyo akapewa jina la Hakuona, nalo lilimganda mpaka uzee.

Mwaka 1305 alikwenda Bombay kuwa karani wa tajiri mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka hapa Amu. Alikaa kule miaka minne. Mwalimu mmoja wa hesabu, mzee wa Surati, alimfundisha kutazama nyota kwa darubini, na alipofunga safari ya kurudi, ndugu yangu alitumia akiba yake yote kununua darubini ya shaba yenye miguu mitatu. Baba alitarajia vitambaa. Alipofunguliwa sanduku aliliangalia lile bomba, akauliza kama linapika.

Mwaka 1310 alimwoa Bi Mwanamkisi binti Gharib, wa mtaa wa Langoni. Jina lake nalitaja kwa idhini yake mwenyewe. Mungu aliwapa binti mmoja, Rahima, ambaye leo ameolewa Siyu. Ndoa ilikuwa ya utani na kicheko. Ili kuiona nyota hafifu, mtu huitazama kwa pembe ya jicho badala ya kuikazia, na Kamaludin alizoea mno hata akawa anatazama kila kitu hivyo hivyo. Mkewe alikuwa akimwambia kwamba tangu siku ya harusi hajamtazama usoni hata mara moja, na yeye hujibu kwamba vitu vizuri huonekana kwa upande.

Sasa nafika kwenye lile jambo.

Wasio wa Amu wajue kwamba juu ya dari zetu ni pa wanawake. Jiko liko huko, nguo zinaanikwa huko, nywele zinasukwa huko, na mwanamke asiyetoka nje mchana huvuka kwa jirani yake kwa wikio, ule ujenzi unaopita juu ya njia kutoka nyumba hadi nyumba. Mwanamume akitaka kupanda hupiga kikohozi, hupiga hodi, na hakai. Kwa mkewe, kule juu ndiko ulimwenguni.

Katika mwaka 1318, mwalimu wa Bombay alimpelekea habari kwamba kuna nyota ndogo mno, mtangatangaji mgeni aliyegunduliwa miaka michache nyuma, ambayo itapita karibu na dunia yetu, na akamweleza mahali pa kuitafuta. Haionekani kwa jicho tupu. Kamaludin akapandisha darubini juu ya dari mwezi wa Mfunguo Mosi, baada ya Idi, hewa ikiwa safi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: alichagua nyota mbili zilizotulia karibu na ile mgeni, moja ing'aayo zaidi kidogo, na moja iliyofifia zaidi kidogo, akaipanga ile katikati yao, kama mnavyowapanga watoto kwa kimo. Akapumzisha macho, akatazama tena. Na ile nyota haikukaa mahali pake. Mara iliishinda ile kubwa, mara ilishindwa na ile ndogo, kisha ikapanda tena, na yote hayo kati ya Isha na wakati wa kulala.

Alikesha nayo wiki nzima, ndipo akamwambia mkewe alichofikiri. Ile haikuwa nyota ya moto, ilikuwa jiwe linalopata mwanga wa jua, na jiwe hilo ni refu, halikuviringana. Linageuka. Likielekeza ubavu kwetu linang'aa, likielekeza ncha linafifia, na kwa kila mzunguko hung'aa mara mbili. Kwa hesabu yake mzunguko mmoja ulichukua saa tano na kidogo. Mtu wa Mkomani, aliyekaa juu ya jiko la mkewe, alikuwa amepima jinsi jiwe la mbinguni linavyopinduka. Mimi nilikuwa Kismayu wakati huo. Niliporudi alinionyesha, nikaona kitu kama punje ya chumvi, nikamwambia mashallah nikashuka kula.

Lakini majirani hawakuona jiwe. Waliona mwanamume juu ya dari kila siku baada ya Isha, ana bomba la kusogezea vitu vya mbali. Mke wa nyumba ya pili alimwambia mumewe kwamba bomba lile limemwelekea yeye akichana nywele. Mumewe ni Bwana Wazir, ambaye yuko hapa nasi leo. Kamaludin aliposikia lawama hizo alifanya alichodhani ni busara: alizungusha mikeka kuizunguka darubini, ili watu wajue kwamba haoni pembeni, anaona juu tu. Naam, mwajua wenyewe. Mji ukauliza mtu asiyetazama wake za watu anajificha nini ndani ya mikeka. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja.

Akatakiwa kuapa kwa msahafu, akaapa. Hapo sharia ilitosheka, ila midomo haikutosheka. Ndipo yeye mwenyewe akaomba liamuliwe kama mwandamo wa mwezi: waje watu wawili waadilifu, watazame kwa macho yao. Wakiona nyota ikififia na kung'aa, basi atakuwa amesema kweli juu ya alichokuwa akikifuata pale. Wasipoona, atashusha darubini. Bwana Wazir alikubali kuwa mmoja, na wa pili alikuwa mzee aliyekwisha tangulia mbele ya haki.

Kukubali kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kupata jioni moja ambayo wanawake wote wa dari za jirani wangeshuka kuwapisha wanaume. Kulikuwa na arusi nyumba ya chini, na wanawake wa arusi hawashushwi. Baadaye ikawa arobaini ya mtoto. Baadaye mvua. Jioni ile ilipopatikana miezi mitatu ilikuwa imepita, tumekwisha ingia Mfunguo Nne, mwezi wa kwanza wa mwaka 1319.

Wazee walipanda, wakatazama mmoja baada ya mwingine. Kamaludin aliwaonyesha nyota mbili za kupimia na ile iliyo katikati. Wakangoja. Wakatazama tena. Wakaletewa kahawa, wakatazama tena. Ile nyota ilikaa katikati ya wenzake wawili bila kusogea. Mtu mwingine angetafuta la kusema: angetaja wingu, angetaja unyevu wa kioo, angesema macho ya wazee hayajazoea. Bwana Wazir alimgeukia akamuuliza yeye anaonaje. Kamaludin akatia jicho, akazilinganisha zile tatu moja moja, kisha akajibu:

"Kweli. Yeo haibadiliki."

Ukweli wake huo ndio uliomhukumu. Bwana Wazir alisema wameitwa kushuhudia na wameshuhudia, na wakashuka. Asubuhi yake hakuna mtu wa Amu aliyeamini kwamba Kamaludin aliwahi kutazama nyota.

Alishusha darubini kama alivyoahidi. Lakini wanawake hawakurudi kwa Mwanamkisi. Wikio ikawa njia ya paka. Alipanda kupika peke yake, akasikia vicheko vya dari nyingine, akashuka. Ndugu yangu aliona kwamba yeye ndiye aliyemfungia mkewe ulimwengu, na akafikiri akiondoka yeye, watu watarudi. Basi akabeba darubini, akavuka kwenda kisiwa cha Manda, upande wa Maweni kunakochongwa mawe, akajenga kibanda na tanuri la chokaa. Alirudi nyumbani Alhamisi jioni, akasali Ijumaa, akaondoka. Alifanya hivyo miaka kumi na sita. Wanawake hawakurudi. Kwa hiyo nasema wazi, na nasema mbele yenu: watu wawili waliopendana walikaa upweke pande mbili za mkondo mmoja wa maji, na kila mmoja alidhani anamfanyia mwenzake wema.

Mafundi waashi mtamkumbuka kwa ile tabia yake ya chokaa. Tanuri aliliwasha wakati wa mbalamwezi tu, maana mwezi ukiwa mkubwa nyota hafifu hazionekani na moshi haumharibii kitu. Mwezi ukiwa mdogo hakuchoma, hata umpe nini. Waliotaka kupaka nyumba kwa ajili ya arusi walijifunza kupanga arusi kwa mwezi. Wachonga mawe wa Maweni walimheshimu lakini hawakukaa naye. Alikula peke yake, akatazama peke yake.

Mwaka mmoja baada ya kuhama, Ijumaa moja, aligundua kosa lilikuwa wapi. Alifunga uzi katikati ya kiazi kitamu kirefu, akakining'iniza kwenye boriti kikalala ubavu, akakizungusha taratibu. Akamwambia mkewe akae mkekani akitazame kutoka pembeni, aseme anaona nini. Mwanamkisi akasema anaona kirefu, kifupi, kirefu, kifupi. Kisha akamwambia alale chali chini yake, atazame juu. Mwanamkisi alilala, akakitazama kikizunguka, na kila kilipogeuka alikiona kirefu tu, hakikupungua. Akasema akiwa pale pale chini:

"Kiazi ni kile kile. Ni mimi niliyehama mahala."

Ilikuwa hivyo hasa. Katika ile miezi ya arusi na mvua, dunia yetu na lile jiwe vilikuwa safarini, na wazee walipopanda tulikuwa tumefika mahali pa kulitazama kama yule aliyelala chini ya kiazi. Jiwe lilikuwa likigeuka vile vile. Sisi ndio hatukuwa tena mahali pa kuliona likifupika. Mwanamkisi alitaka ampelekee Bwana Wazir kiazi siku ile ile. Kamaludin alikataa. Alisema kiazi ni maelezo, si ushahidi, na jambo lililokataliwa kwa macho litakubaliwa kwa macho. Angengoja nyota irudi.

Baadaye habari zilifika kutoka Bombay kwamba katika miezi ile ile watu wa Ulaya nao waliiona nyota ikififia na kung'aa. Nilivuka Manda kumpongeza. Nilidhani atafurahi. Alinikaribisha tende, akaniuliza kama kuna yeyote kati ya hao aliyepata kukaa Mkomani. Nikasema hakuna. Akasema basi hawamjui, na hawawezi kumsaidia kitu. Nilirudi nikiwa na tende mfukoni na uzito moyoni.

Nyota ile ilirudi, lakini ilipita mbali, hafifu mno kwa darubini yake. Kwa hesabu zake ingekaribia tena mwaka huu wa 1335. Aliungoja mwaka huu kama mtu anavyongoja meli yenye mwanawe. Na kamba hukatikia pabovu: tangu mwaka 1330 alianza kuingiwa na ukungu machoni, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto. Moshi wa tanuri ukamharibu kifua. Katika Mfunguo Saba wa mwaka huu wachonga mawe walimleta nyumbani, yeye na darubini yake, wakimshika mkono. Aliketi hapa dakani, akaniambia kwamba nyota imerudi na yeye hana mato.

Aliyelitatua jambo ni Mwanamkisi. Alipanda juu, akapaza sauti kwa dari zote akatangaza kwamba mumewe anapanda, na kwamba haoni. Hakuna aliyezuia. Mtu akikosa macho hakatazwi dari. Akamtandikia kitanda kando ya jiko, akaisimamisha darubini kwa miguu yake mitatu, na mume akawa anaelekeza kwa maneno: anzia zile nyota za Kilimia, shuka tini, simama. Mara ya kwanza Mwanamkisi alipata nyota siyo. Mara ya pili pia. Alipoipata ile yenyewe alijua, maana asubiri asubiri, ikaanza kufifia mbele ya macho yake.

Lakini Kamaludin hakuridhika. Alisema shahidi mmoja hatoshi, tena huyu ni mkewe na anamwonea huruma.

Jioni ya tatu, Mfunguo Nane, mlango wa wikio ulifunguliwa. Alivuka yule jirani wa nyumba ya pili, ameshika kibakuli cha tambi, na baada ya miaka kumi na sita akauliza kama anaweza kukaa. Dada yetu Umulkheir alikuwepo, na haya yote nimeyapata kwake. Mwanamkisi alimpa nafasi mbele ya darubini. Kamaludin akaamuru, kwa ile sauti yake ya kadhi asiye na kazi, kwamba mashahidi huulizwa kila mmoja peke yake. Basi mmoja alipotazama mwingine alishuka ukumbini, na Umulkheir alikaa pale kwa ajili ya staha. Mgeni alisimama nyuma ya mkeka uliotundikwa kama pazia, akasema alichokiona. Akasema ile ya katikati imeishinda kubwa. Baada ya muda akasema imefifia, hata ile ndogo yaishinda. Baadaye akasema yapanda tena. Mwanamkisi naye, bila kusikia, alisema hayo hayo kwa zamu yake.

Kamaludin alilia. Umulkheir anasema hajapata kumwona akilia, hata kwenye kaburi la mama. Kisha yule jirani akasema, kutoka nyuma ya mkeka:

"Bwana Kamaludin, mimi ndiye niliyesema waniangalia."

Naye akamjibu:

"Wallahi, Bi, sikukuona."

Kuanzia jioni ile mpaka mvua zilipoanza walikaa juu pamoja, na wanawake wa dari nyingine wakaanza kuvuka mmoja mmoja, wengine kwa nyota na wengine kwa tambi. Ile miezi miwili nyumba hii ilikuwa na kelele. Ndugu yangu alilala katikati ya kelele hizo, uso umeelekea juu, na hakuomba kitu kingine.

Kifua kilimzidi mwanzoni mwa Rajabu. Alifariki Jumatano, tarehe 24 Rajabu 1335, baada ya Alasiri, mkewe akiwa ameshika mkono wake, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili kwa hesabu yetu. Tulimzika Alhamisi. Bwana Wazir alishika jeneza upande wa mbele, na hakumwachia mtu mpaka kaburini.

Jana Bwana Wazir alinijia. Mnajua kwamba mtaani petu mwanamume hatajiwi mkewe mbele ya wanaume wenzake, na mtu anaweza kuchomwa kisu kwa hilo. Yeye amenipa ruhusa, na ameniomba nimtaje mkewe kwa sauti inayofika mlangoni. Jina lake ni Bi Radhiya. Bi Radhiya ameiona nyota ikififia, na Bi Mwanamkisi ameiona, na Kamaludin bin Jeilani aliiona kabla yao. Mwanamume mmoja na wanawake wawili: kwa sharia yetu ushahidi umetimia. Alichosema alikitazama ndicho alichokitazama.

Marehemu ameacha mjane, Bi Mwanamkisi binti Gharib, binti, Rahima, pamoja na mumewe na wajukuu wawili huko Siyu, dada, Umulkheir, mimi nduguye, tanuri la chokaa lililo baridi kule Maweni, na darubini, ambayo haitashushwa tena kutoka ilipo.

Mola amsamehe, ampe utulivu kaburini, na siku ya kufufuliwa amweke mahali pa juu, pasipo mtu wa kumwambia ashuke. Amin.